Mkunga Alipoisikiliza Injini

Wenzangu, nimekuwa fundi wa magari hapa Malaba tangu ujanani, lakini Jumanne iliyopita nilitamani ardhi inimeze.

Mama Amoit, mkunga mstaafu wa Adungosi, aliniletea gari lake kuukuu nimsafishie injekta, vile vipua vya kupulizia petroli ndani ya injini. Ndilo gari linalokimbiza wajawazito wa kijiji hospitalini. Nilizisafisha, nikazirudisha, nikawasha. Injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa.

“Fundi, gari yangu haikuja hivi.”

“Ni petroli ya ng'ambo ya mpaka, mama,” nikamjibu kwa sauti kubwa ili madereva wa malori waliokuwa wakipumzika pale wasikie ujuzi wangu. Nikamwaga mafuta, nikatia mengine. Ikazidi kutetemeka. Nikabadilisha pulagi za kuwashia moto. Wapi!

Mama akatoa mkobani kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni. Akainamia injini inayonguruma, akafumba macho, akakisogeza polepole. Sijawahi kuona mtu akiisikiliza mashine kwa upole namna ile.

“Hapa kwa huyu wa tatu,” akasema, “hewa inaingia pembeni.”

Nikachomoa injekta ya tatu. Kweli, haikuwa na ule mpira wa mviringo wa kuziba hewa. Nikautafuta chini ya gari na ndani ya sanduku la spana, huku nikiapa kwamba nilifunga mipira yote.

Mama akanishika mkono, akauinua mbele ya watu.

“Na hii pete nyeusi, fundi, umeoa lini?”

Kumbe ule mpira niliuvaa mwenyewe kidoleni, ili usipotee.