Aliyejificha Nyuma ya Titi

Juma lililopita nilikuwa kliniki ya akina mama hapa Kakamega, ambapo bendera yetu mpya inapepea mlangoni. Bwana mmoja kijana alikuwa amekuja na mkewe na kitoto chao kuomba maziwa ya mkebe. "Sista," alimwambia muuguzi, "matiti ya mke wangu ni madogo. Mtoto analianga tu."

Muuguzi alimkabidhi bango lenye picha ya titi lililopasuliwa katikati, akamwambia alishike juu sote tuone.

"Ukubwa ni mafuta tu," alisema, akigonga bango kwa rula. "Maziwa yanatengenezwa na tezi hizi, yanapita kwenye mirija hii mpaka kwenye chuchu. Mtoto akinyonya zaidi, maziwa nayo yanazidi."

Hapo akaingia mama mzazi wa yule mke, kikapu cha ndizi kichwani. Sasa, kwetu mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Bwana yule hakuwa na pa kukimbilia. Alishusha bango likamfunika uso, akasimama hivyo mpaka somo likaisha. Wakubwa wanatuhimiza kila siku kwamba Uhuru ni elimu, lakini sijaona mtu aliyeikaribia elimu kwa pua namna ile.

Kumbe mama mkwe alikuwa amesikiliza kila neno tangu akiwa nje mlangoni.

"Sista," akasema, "mwambie huyo aliye nyuma ya titi kwamba binti yangu nilimzaa na kila kitu."

"Nimesikia, mama," titi likajibu.