Kamera Iliyotetemeka Kondeni kwa Laimer

Kreszenz Aschauer alifika kondeni na begi la droni mgongoni, jua bado halijachomoza, akakuta trekta limeshaanza kunguruma.

"Mungu akusalimu, Laimer."

Laimer hakuitikia. Katika vijiji vile watu husalimiana kwa jina la Mungu hata wakigombania mpaka, kwa hiyo kunyamaza kwake kulikuwa tusi kamili. Mkewe Afra, aliyekaa ukingoni mwa tela na kreti tupu mapajani, aliinamisha macho.

Kreszenz alikuwa mjane, mpishi wa watoto wa chekechea, mtu wa sala na sauti ya chini. Lakini ubaya kati yake na Laimer ulijulikana bonde zima. Mwaka jana Laimer alikata majani bila kumngoja akague konde kwa droni yake, mashine ikapita juu ya mtoto wa paa. Wale watoto hufichwa na mama zao kwenye majani marefu, na wakisikia hatari hawakimbii, hujibana chini tu. Jumapili yake, watu wakitoka misa, Kreszenz alimwita Laimer mchinjaji, mlangoni pa kanisa, kwa sauti ambayo hata padri hakuwahi kuisikia kwake.

Sauti ile ilitoka mbali. Alipokuwa msichana, kazi yake ilikuwa kupita kondeni mbele ya mashine ya baba yake, akipiga majani kwa fimbo kuwatafuta watoto wa paa. Kuna siku alipita mahali bila kupiga. Kilio alichokisikia nyuma yake hakijamtoka mpaka leo. Ndiyo maana zilipokuja droni zenye kamera ya kuona joto, alijifunza akiwa na miwani puani, wawindaji vijana wakimcheka.

"Una muda mpaka jua lifike kwenye ghala," Laimer alisema kutoka kwenye kiti chake. "Halafu naingia. Mvua inakuja, na mimi ng'ombe wangu hawali huruma."

Hata asingesema, muda ulikuwa ule ule. Jua likishapasha ardhi, kila jiwe na kila kichuguu cha fuko hung'aa kwenye skrini, mnyama asijulikane.

Kreszenz akairusha. Picha ikaja imelala upande, inatetemeka kama unga kwenye chekeche. Maandishi mekundu yakatokea: injini ya kamera imezidiwa. Akaishusha.

"Imegoma?" Laimer akapaza sauti. "Mwite padri wako aiombee!"

"Jana asubuhi ilikuwa nzima. Kisha nikaja ghalani kwako tupange, ukalipiga begi langu teke. Nilikuona."

"Nililisogeza! Lilikaa njiani kwangu."

"Kwa buti."

"Kwa buti, ndiyo. Ulitaka nilipakate kama mtoto wa ubatizo?"

Kreszenz aliirudia droni. Akazima, akawasha. Kifuniko cha plastiki cha kamera alikuwa amekitoa. Majani hayakuigusa, maana aliirusha kutoka juu ya ubao aliokuja nao. Ikabaki kuiacha kamera ijisawazishe upya, na hilo lataka mahali bapa, patulivu. Konde lote lilikuwa mteremko. Palipo bapa palikuwa mahali pamoja tu, tela la Laimer, nalo lilitikiswa na trekta.

"Zima trekta."

"Hee! Mimi ndiye niliyeivunja, halafu mimi ndiye nitoe na meza?"

"Zima, Laimer. Haiwezi kujisawazisha juu ya kitu kinachotikisika."

"Mchinjaji hana meza."

"Korbinian, zima hilo dude," Afra alimwambia mumewe. "Yule wa mwaka jana nilimzika mimi, si wewe."

Trekta likazimwa. Kreszenz aliiweka droni kwenye tela. Kamera ikainama, ikainuka, ikageuka kulia vizuri. Kushoto ikafika nusu, ikakwama, ikaanza kutetemeka. Akairudisha. Ikakwama pale pale.

Ingekuwa injini imekufa, aliwaza, ingekwama popote. Hii imezuiwa. Akazima, akausukuma kwa ncha ya kidole ule mkono mdogo unaoishika kamera. Laini, laini, kisha mkwaruzo. Akavaa miwani. Akatoa mfukoni kibano cha kung'olea kupe, ambacho wakati wa kiangazi hakuna anayeingia majanini bila kuwa nacho, akavuta kitu chembamba kilichojisokota kwenye kiungo.

Suke la nyasi.

Alijua papo hapo. Jana, konde la mtu mwingine, alimtoa mtoto wa paa kama inavyotakiwa, kwa glavu na majani tele mikononi, ili harufu ya mtu isimshike, mama yake akamkataa. Kisha kwa glavu zile zile akaikamata droni tumboni, akaitia begini.

"Umetoa nini?" Laimer alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yake.

Angeweza kufunga ngumi. Akaifungua.

"Suke. Nililitia mwenyewe jana kwa glavu zangu. Hukuivunja wewe."

Laimer akacheka, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Utayasema hayo Jumapili. Mlangoni pa kanisa, kwa sauti ile ile."

"Nitayasema."

"Na la mchinjaji?"

"Hilo silifuti."

Kamera ikajisawazisha, akairusha tena. Safari hii picha ilitulia kama iliyotundikwa ukutani. Karibu na mtaro likaonekana doa jeupe. Kreszenz akamwongoza Afra kwa sauti, kushoto, mbele, hapo hapo, mpaka Afra akainuka na kitoto chenye madoa, akakilaza kwenye kreti kivulini.

Laimer akapanda trekta, akawasha.

"Bado!" Kreszenz akasimama mbele ya magurudumu. "Paa huzaa pacha."

"Jua limefika ghalani. Toka!"

Kweli lilifika. Skrini ilianza kujaa madoa. Moja, chini ya mteremko, lilikuwa refu kidogo kuliko mengine. "Pale. Au ni kichuguu. Sijui."

"Hujui!"

Afra alikuwa mbali, kando ya kreti yake kivulini. Kreszenz hakuondoka. Laimer alitukana, akashuka, akateremka kwa hatua kubwa, na njiani, huku bado akimtukana yeye na padri wake, aling'oa majani kwa mikono miwili. Akainama. Akabaki ameinama.

Alirudi na kitoto kifuani, majani yakimdondoka viwikoni.

"Usiniambie neno," alisema akipita. "Hata salamu usinipe."

Kreszenz hakumpa. Jumapili alisimama mlangoni pa kanisa, akalisema la suke mbele ya wote, kwa sauti. La mchinjaji hakuligusa, na Laimer, aliyesimama nyuma na kofia mkononi, hakulidai.