Fundi wa Pili Aliyefia Kitabuni

Irja Hautala aliandika vitabu vya aina ile ambavyo watu hununua penye magazeti na sigara, wakavisoma ndani ya basi, wakavisahau ndani ya basi hilohilo. Kulikuwa na filamu zilizoitwa Msafara wa Zohali, habari za watu wanaozurura angani na meli kuukuu, na yeye, huko Duluth, mji wa Marekani kando ya Ziwa Superior, jikoni kwa mama yake, ndiye aliyezigeuza kuwa riwaya. Msidhani alikuwa akizitazama kwanza. Wapi! Alichopewa ni maandishi ya waigizaji tu, nani aseme nini na nani apite mlango gani. Kitabu kilitakiwa kifike dukani kabla ya filamu kufika sinema, kwa hiyo aliandika wakati kule California bado wanaipigilia misumari meli yenyewe. Wakibadili kitu baadaye, shauri lao. Hakuna aliyekumbuka kumwarifu mwandishi wa kitabu.

Sharti la kazi lilikuwa moja: kinachoonekana kwenye filamu usikiguse, kisichoonekana ni chako. Mtu anakula nini, anamkumbuka nani, mfukoni ana nini, hayo Irja aliyajaza mwenyewe, na hapo ndipo alipopata raha yake. Katika maandishi ya filamu ya kwanza kulikuwa na mtu mmoja anapita na spana mkononi, anasema "Mashine iko tayari," basi. Hakupewa hata jina. Aliandikwa Fundi wa Pili. Irja akampa jina la kaka yake, Reino.

Reino Hautala alikuwa fundi wa mashine katika meli ya kubeba madini ya chuma. Meli ilizama katika dhoruba ya Novemba. Ziwa Superior likarudisha maboya na mashua moja tupu, watu halikurudisha. Ni ziwa baridi mno, kilichokwenda chini hubaki chini, na hilo Duluth nzima inalijua. Wake wa mabaharia walilia, wakazika majeneza matupu, wakaanza kuishi upya. Lempi, mama yake Reino, alikataa katakata.

"Amekufa? Nionyesheni," alimwambia mchungaji, akampa kahawa na kipande cha mkate wa iliki, kisha akamfungulia mlango.

Koti la Reino likabaki kwenye msumari. Kila Jumamosi, baada ya kuoga mvuke katika sauna nyuma ya nyumba, Lempi aliweka vikombe vitatu mezani. Cha tatu kilikuwa cha Reino, na bonge la sukari kwenye kisahani, maana Reino alikunywa kahawa kama wazee wa kwao Ufini: sukari unaibana kwa meno, kahawa inapitia hapo. Mwaka ukaenda, ukaja mwingine, na kikombe hakikukosa Jumamosi hata moja.

Sasa Irja, kwa akili zake, akamwandika Fundi wa Pili akibana sukari kwa meno. Alidhani anamwekea kaka yake ukumbusho. Lempi alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akakipiga kitabu kofi.

"Ni yeye!"

"Mama, ni hadithi tu. Nimeitunga mimi."

"Umeitunga wewe! Na sukari je? Nani mwingine anakunywa hivyo? Yupo mahali, anakutumia maneno, na wewe kichwa kigumu hujui."

Hapo Irja akatamani ameze ulimi. Badala ya ukumbusho alikuwa amempa mama yake ushahidi. Mambo yakazidi filamu ya pili ilipotoka: mwigizaji wa yule fundi, mzee mmoja wa maigizo ya jukwaani, alikuwa amekisoma kitabu na kukipenda, basi naye akaitwa Reino na akabana sukari mbele ya dunia nzima. Lempi alirudi kutoka sinema akaosha mashuka ya kitanda cha mwanawe.

Ndipo yakaja maandishi ya filamu ya tatu. Irja aliyasoma amesimama, na alipofika mwisho akakaa. Fundi anatoka kwenda kufunga bomba linalovuja. Mlango unafungwa nyuma yake. Mlipuko. Akampigia simu Roz Kessler, mhariri wake wa New York.

"Roz, huyu fundi lazima afe?"

"Mpenzi, karatasi ikisema afe, afe."

"Hatuwezi kusema amepotea tu?"

"Kuna mlipuko, Irja. Mlipuko! Unataka apite wapi, chini ya mlango?"

"Mama yangu anamsoma huyu."

"Mama yako anasoma vitabu vyetu? Nisalimie sana, tunamhitaji. Sura zote nizipate kabla theluji haijayeyuka."

Angekataa, kazi ingepewa mwingine, na huyo mwingine angemuua Reino kwa sentensi mbili. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Basi akaketi mbele ya taipureta akamuua mwenyewe. Maandishi yalimpa mistari michache, yeye akaandika sura nzima. Akaeleza baridi ilivyoanzia miguuni. Akaeleza kwamba Reino aliogopa, kisha woga ukachoka. Akamtilia bonge la sukari mfukoni, akamfanya alibane kwa meno, amtaje mama yake, kisha mwanga. Alilia huku anaandika, akafuta pua kwa mkono wa sweta, akaendelea. Yote ambayo hakupata kuyajua kuhusu usiku ule wa ziwani, aliyatunga hapo.

Kitabu kilipotoka alikificha. Ah, Lempi alikwenda zake dukani akajinunulia. Jumamosi hiyo mchana Irja alikuwa akikanda unga, na mama yake dirishani, kidole juu ya mstari. Irja alijua amefika sura gani kwa jinsi kidole kilivyopunguza mwendo. Akaukanda ule unga mpaka ukawa haufai. Alikuwa na hofu mbili: ama mama ataanguka pale pale, ama atasema ni uongo, na kikombe kile kitawekwa mpaka siku atakayokufa yeye mwenyewe.

Lempi akafunga kitabu.

"Alisikia baridi?"

"Mwanzoni tu, Mama."

"Aliniita?"

"Alikutaja."

Kikongwe akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa nayo siku nyingi. Kesho yake akalitoa koti kwenye msumari, akalinusa, akalipeleka kwenye sanduku la maskini kanisani. Kisha akamwuliza mchungaji, "Ile ibada yako ya mazishi bado ipo?" Ikafanyika. Watu wakaja na vyakula vyao vya kuoka na kahawa ikanyweka. Jumamosi iliyofuata vikombe vilikuwa viwili. Irja aliviona, akaenda kusimama nje kidogo, moyo umemtua.

Wakati wa kiangazi filamu ikafika mjini. "Twende," Lempi akasema, "nikamuage."

Wakaenda. Mlango ukafungwa, mlipuko ukalia, watu wakashika vichwa. Lempi alikuwa ametulia, mkoba mapajani. Halafu, filamu inakaribia mwisho, mlango ukafunguliwa. Lo! Huyo Reino, uso umejaa masizi, anapepesuka, anakaa mezani, anaomba kahawa. Akabana sukari kwa meno. Sinema nzima ikasimama, makofi, miluzi, watu wakikumbatiana na wasiowajua. Kumbe watazamaji walioonyeshwa filamu kwanza kwa majaribio walichukia kifo chake, wakubwa wakapiga picha upya. Irja hakuthubutu kugeuza shingo. Alikuwa ndiye mtu pekee ulimwenguni aliyemuua Reino.

Wakarudi nyumbani. Jumamosi, mvuke umekwisha, nywele bado zimelowa, simu ikalia. Ni Roz.

"Irja, mpenzi, amefufuka! Ile sura ya kifo tunaitoa katika chapa ijayo. Niandikie nyingine, arudi, anywe kahawa yake."

Irja akaziba simu kwa kiganja. Lempi alikuwa amefungua kabati, mkono umefika penye vikombe, umesimama.

"Mama, wanataka nimwandike amerudi. Nikatae?"

"Kwa nini ukatae? Ni kazi yako." Lempi hakugeuka. "Umewaona walivyofurahi. Watu wa sinema wale, hawajazoea msiba. Waandikie arudi, wamnyweshe kahawa mpaka achoke. Ila kitabu changu mimi usikiguse. Wangu nimeshamzika."

Akatoa vikombe viwili, akafunga kabati.