Rundo Lisilo na Magugu

Mwanangu, bado hujazaliwa, na mimi mwenyewe niko kidato cha tatu. Nakuandikia wewe kwa sababu mbele za watu maneno hunikwama kooni.

Jumamosi ile naikumbuka vizuri, mvua ya Novemba ikiwa karibu. Kwa susu, nyanya yangu mzaa mama, huku Katangi, kuna shimo kubwa. Watu wa kokoto walikodi shamba lake, wakachimba mawe miaka mingi, kisha wakaondoka na mashine zao. Susu alitaka kitu kimoja tu: lile shimo liote miti kabla hajafa. Alikuwa amelea miche sitini ya migunga na mikwaju kwa maji ya kuoshea vyombo, akiifunika jua likizidi kama mtu anayefunika mtoto. Mvua hiyo ikipita bure, hakuwa na hakika ya kuona nyingine.

Mwethya wa akina mama, kikundi chao cha kusaidiana kazi, ukaja na majembe na matoroli. Kando ya shimo kulikuwa na marundo mawili ya udongo yaliyoachwa na wachimbaji, nasi tulihitaji udongo wa kutandaza shimoni tupate kupanda. Moja jeusi, limejaa magugu. Lingine jeupe-jeupe, safi kama uwanja uliofagiliwa. Na kwetu, mwanangu, shamba lenye magugu ni aibu. Mwenyewe husemwa hadi kanisani.

"Tubebe hii safi," akasema Mama Kioko, mwenyekiti. "Hiyo ingine ni kichaka ya nyoka."

"Unaogopa nyoka ama unaogopa kung'oa?" mwenzake akamtania, wote wakacheka.

Mimi nilijua. Shuleni tulifundishwa kwamba udongo wa juu ndio wenye uhai, ule wa chini hauna chakula. Tena jana yake nilikuwa nimechota konzi ya kila rundo, nikalowesha. Ule mweusi ulishikana vizuri mkononi, na ndani yake mlikuwa na vijizizi na nyungunyungu. Ule mweupe ulipokauka ukawa mgumu kama sahani. Hata yale magugu yalikuwa yakishuhudia: panapoota kitu, kingine kitaota. Lakini mimi ni nani kati ya mama wazima? Nikajiambia aliye kando haangukiwi na mti. Nikasukuma toroli, tukapanda miche yote sitini katika ule mweupe.

Mvua ikaja. Maji hayakuzama, yalitiririka juu kama juu ya bati. Jua likapiga, udongo ukafanya ganda, miche ikaanza kugeuka manjano. Kila asubuhi susu alipita mche mmoja hadi mwingine akigusa majani. Wiki ya pili nikashindwa, nikamwambia yote nikilia.

"Mwende, ulijua tangu lini?"

"Tangu hata hatujapanda, susu."

"Na mdomo ulikuwa umemwazima nani?"

Nikacheka katikati ya machozi. Naye akacheka, kisha akakoma.

"Udongo naweza kusamehe, haina mdomo. Wewe uko nayo. Kesho utaambia mwethya wewe mwenyewe. Mimi sikusemei."

Usiniulize nilifikaje mbele yao. Nilinyoosha madonge mawili makavu, moja la kila rundo, nikasema nilijua tangu mwanzo. Mama Kioko akafinya lile jeupe, likakataa kuvunjika. Akafinya jeusi, likamomonyoka, akalinusa.

"Kumbe tulipanda kwa sahani," akasema. "Haya, akina mama, twendeni kwa nyoka!"

Tukafyeka magugu, tukayalaza chini yaoze, tukatandaza udongo mweusi juu yake, tukahamisha miche. Mingi ilikuwa imeshakufa. Kumi na tisa ikashika. Susu ameipa kila mmoja jina la mama aliyebeba udongo, na ule wa Mama Kioko ndio uliopinda.

Mwanangu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Usiamini udongo kwa macho. Uchote, uuloweshe, uufinye, ndipo uuweke mche wako. Na ukijua jambo ambalo wakubwa hawajaliona, waambie kwa heshima, siku ileile, hata ukitetemeka. Ile miche arobaini na mmoja haikuuawa na ukame. Niliiua mimi kwa kunyamaza, na hakuna aliyenichapa, ndiyo maana bado inaniuma.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake na ardhi inayokubali maji. Na ukikosea, akupe mtu wa kukuchekesha ukilia, kisha akutume ukaseme.