Kikapu cha Fidelia Kwenye Maonyesho ya Pwani

Kaka yangu Yoeli alikuwa na roho mbaya. Nasema hivyo mimi Kristina, niliyenyonya ziwa moja naye, kwa hiyo asije mtu akaniambia namsingizia. Lakini habari hii ni ya mke wake, wifi yangu Fidelia. Kwa kusuka vikapu hakuwa na mpinzani kuanzia Njombe hadi Makambako, na maisha yake yote alitaka kitu kimoja tu: watu wa mbali wakitazame kikapu chake na waambiwe kimesukwa na nani.

Mwaka wa hamsini na nne alipita kijijini kwetu bibi mmoja Mzungu wa mambo ya maendeleo. Alikuwa akitafuta kazi za mikono za kupeleka Dar es Salaam, kwenye maonyesho ya siku nne ya sanaa za Tanganyika. Alionyeshwa vyungu, mikeka na vigoda, akawa anaitikia kwa adabu tu na kusogea mbele. Kisha akakiona kikapu cha Fidelia kimetiwa mahindi ya mbegu. Kilikuwa cha milulu, zile nyasi ndefu za bondeni, chenye mistari myeusi inayopanda kwa kuzunguka. Alikiinua, akakigeuza, mahindi yakamwagika, wala hakuomba radhi. Alipapasa kitako kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

Karatasi ya kufunga kwenye kishikio iliandikwa na Nahumu, karani wa baraza. Aliandika kama alivyoandika kila kitu cha kila nyumba: jina la mlipa kodi, yaani Yoeli.

"Karani, aliyesuka ni mimi," Fidelia alimwambia. Alikuwa amesoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na aliona vizuri kilichoandikwa.

"Mama, hii ni ya kujua tu kimetoka nyumba ipi," Nahumu akajibu, akafunga kamba.

Mwezi wa tano barua ikaja. Fidelia ndiye aliyeisoma kwa sauti, kwa sababu kaka yangu herufi zilimpita kushoto. Ilisema kwamba Bwana Yoeli, msukaji, anaalikwa Dar es Salaam mwezi wa saba, nauli na malazi juu ya serikali. Akiwa huko atasuka kikapu mbele ya wageni.

Wifi yangu alicheka, maskini. Alidhani wote tutacheka.

"Basi twende kwa Nahumu arekebishe jina," alisema.

"Arekebishe nini? Kwani hilo si jina langu?"

"Baba Ema, wanamtaka aliyesuka."

"Nitasuka," Yoeli akasema.

Kwetu mwanamume husuka matenga ya mianzi. Milulu ni kazi ya wanawake, na ndugu yangu hakuwa amewahi kuishika isipokuwa kuwashia moto. Fidelia alikwenda kwa Nahumu peke yake. Nahumu alimwambia barua ya serikali haifutwi kwa maneno, na kwamba hata ikifutwa, mke hawezi kupanda basi kwenda pwani bila ruhusa ya mumewe. Je, anayo ruhusa? Hakuwa nayo. Alirudi, akapepeta maharage.

Ndipo matayarisho yakaanza, wiki sita nzima, na nyumba ile ikawa haina pumzi. Yoeli aliazima koti zito la mwinjilisti Elieza. Alipata kofia. Alimwendea kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya mkonge akamuuliza treni inapandwaje, na wageni wa heshima huko wanakula nini. Aliamua kuchukua mablanketi yote mawili ya nyumba. Mwezi wa saba kwetu asubuhi majani huwa meupe kwa baridi, na hakuna kati yetu aliyeweza kuamini kwamba kuna mji ambako mtu hulala bila kujifunika. Nilimuuliza, na mkeo na mtoto je? Akasema wao wako nyumbani, mtu aliye nyumbani hapati baridi. Ema alilala ndani ya gunia.

Mchana, mlango ukiwa umefungwa ili wanaume wenzake wasimwone, Fidelia alimfundisha. Nilikuwa nikienda kutazama, na sitaki kudanganya, nilikuwa nikienda kucheka. Mikono ilikuwa mizito, lakini alikuwa mkaidi, na taratibu safu zikaanza kukaa. Alipokosea, kosa lilikuwa la mwalimu. Siku moja mstari mweusi ulimwendea kombo, akaokota kijinga cha moto akampiga nacho mkewe vidoleni. Kidole cha shahada kilivimba kama ndizi. Kesho yake Fidelia alisuka kwa kidole hichohicho, na Yoeli akamwambia aharakishe.

Sasa, kikapu cha milulu hakianzi kwa kusuka safu. Kinaanza kwa kitako. Unapishanisha nyasi chache katikati, unazibana kwa vidole, unaongeza nyingine huku unazungusha, na ukikosea hapo kikapu chote kinapinda na hakuna dawa. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Kila siku Fidelia alikianza kitako mwenyewe, akampa mumewe aendelee. Yoeli alidhani kazi ndiyo hiyo aliyopewa.

Fidelia alijaribu kumwambia. Nilikuwepo. "Baba Ema, hutaki kujifunza mwanzo?"

"Kuandaa ni kazi yako," alisema. "Mimi nasuka. Nianzishie vinne nisafiri navyo, nitawasukia kimoja kila siku."

Akamwanzishia vinne. Vizuri kabisa, vya duara, bila hila. Hilo nalisema kwa sababu watu baadaye walisema alikusudia tangu mwanzo. Si kweli. Alikuwa ameshakubali.

Siku ilipofika tulipanda lori la magome ya miwati, yale ya kutengenezea ngozi, mpaka Makambako, mimi na Fidelia tukiwa wachukuzi. Tulilala kwa ndugu mmoja wa usharika. Asubuhi tukasimama penye basi la Iringa, na upepo wa Makambako ukitupiga mchanga wa macho. Abiria walikuwa wengi. Yoeli, na koti lake na kofia yake, alikuwa akisalimia watu asiowajua.

Fidelia alimsogelea. Alipiga goti kidogo, kama tunavyofanya kwetu tukiomba. "Baba Ema, nina ombi moja. Ukiwa pale, mtajie yule bibi jina langu. Neno moja tu. Mwambie, Fidelia naye anasuka."

Kaka yangu akageukia abiria, akapaza sauti. "Jamani, sikieni! Nakwenda kuonyesha kazi, huyu anataka nikamtafutie mchumba!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja alicheka mpaka akashika ubavu. Fidelia akabaki pale chini, goti moja mavumbini, mpaka nilipomshika mkono nikamwinua.

Yoeli alipokwenda kuzungumza na dereva, Fidelia akafungua mfuko wa safari wa mumewe. Akavitoa vile vitako vinne, akaviingiza chini ya shuka lake, akaisambaza vizuri milulu mikavu iliyobaki ili mfuko usinywee. Akafunga fundo lilelile.

"Wifi, umeona?" akaniuliza.

"Sijaona kitu," nikasema. Na moyo wangu ulikuwa mweupe kwa furaha.

Nyumbani tulikuwa na siku kumi za raha. Nilikuwa nikivaa kapu kichwani kama kofia, nakaa kwenye kigoda, naigeuzageuza milulu na kumwigiza Yoeli, "Mabibi na mabwana, leo mkono unaniuma." Fidelia alicheka mpaka akatokwa machozi. Hata Ema alijifunza mchezo huo. Nilimwambia wifi yangu kwamba sasa itabidi Wazungu waulize, na wakiuliza watajua. Alisema naye ndivyo alivyofikiri. Alianza hata kufua gauni lake la Jumapili.

Siku ya kumi na moja Yoeli akarudi. Nilisimama mlangoni nikitegemea kipigo, nikiwa tayari kupiga yowe. Hakupiga mtu. Alivua koti, akaketi, akaomba maji ya kunywa, akaanza kusimulia kwa upole, polepole, kama mtu anayetonesha kidonda akijua kilipo.

"Mama Ema, wamekiweka katikati ya jumba. Juu ya meza ya kitambaa cheupe, chenyewe peke yake. Vinyago viko pembeni, picha ziko ukutani. Watu wanasimama pale tu. Wazungu, Wahindi, Waarabu. Mmoja alichuchumaa ili akione kwa chini."

Fidelia alikuwa ameweka mkono mdomoni.

"Siku ya pili wakaniita nisuke. Nikafungua mfuko." Akamtazama, akanywa maji. "Nikasema mkono unauma. Yule bibi si mjinga. Akanishikisha milulu, akasema anza tu. Nikashindwa. Watu wakaona. Akanipeleka kando, akaniambia, 'Yoeli, sina hasira na wewe. Nitajie aliyesuka. Leo hii napeleka simu Njombe, aletwe kwa gari la serikali, na jina lake naliandika sasa hivi.' Alikuwa na kalamu mkononi."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia simjui. Nikasema kikapu nilikiokota Makambako."

Kuku aliingia, akatoka.

"Akarudia kuniuliza," Yoeli akaendelea. "Akasema, hata jina moja tu. Lilikuwa hapa, Mama Ema, kwenye ncha ya ulimi. Nikasema simjui. Basi akakiondoa mezani. Alisema kitu kisichojulikana mwenyewe hakina mahali pale. Wakakiweka mlangoni, wageni wakawa wanatupia karatasi wakitoka." Akasogeza miguu karibu na moto. "Nina njaa."

Nilimfuata wifi yangu jikoni. Nilimwambia twende kwa mchungaji, twende kwa Nahumu, aandike barua leoleo, nami nitasimama shahidi. Nilimtukana ndugu yangu matusi ambayo sikujua kama ninayajua. Fidelia alikuwa ameinamia sufuria, anasonga ugali kwa mikono yote miwili.

"Wifi," akasema, "mfuko niliufungua mimi."

Nilitaka kumwambia si hivyo. Lakini nilikuwepo, na nilifurahi. Nikachukua sahani, nikampelekea kaka yangu chakula.