Nilimsingizia mtani wangu kwamba ameua injini, na sasa yeye ndiye anayeniomba msamaha

Admin, pokea marahaba yangu hata kabla hujaniamkia, maana sidhani kama kwenye ukurasa huu kuna mtu wa kunizidi umri. Jina langu lifiche. Nina miaka tisini na kitu, mke wangu alishatangulia, naishi Mlabani hapa Ifakara. Anayeniandikia kwenye simu ni binti yangu, ambaye naye ni bibi wa watu. Haya hata yeye anayasikia leo kwa mara ya kwanza.

Miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, nilikuwa fundi wa magari hapa hapa, kijana ninayejisikia kweli kweli. Bwana mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga alikuwa na gari la mbio, jekundu, silinda sita, limekaa chini karibu lilambe barabara. Alilileta kwa ajili ya mashindano ya Dar es Salaam. Dereva wake alikuwa rafiki yangu, na zaidi ya urafiki alikuwa mtani wangu, kwa kuwa koo zetu zinataniana tangu enzi za mababu. Nitamwita Mtani. Akipita na gari lile watu walitoka madukani kumtazama, na mimi nilijivuna utadhani usukani ninao mimi.

Siku moja gari liligonga jiwe barabara ya Kidatu. Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikabonyea. Nikaifungua, nikainyoosha, nikaifuta kwa kipande cha kaniki kuukuu ya mke wangu, nikaifunga. Mtani akaniuliza, "Umehakikisha lakini?" Nikamjibu, "Wewe kanyaga mafuta, ufundi niachie mimi."

Wiki ile ile gari likarudi limevutwa na lori. Injini ilikuwa imenoki, yaani imegonga na kufa kabisa. Mtani akashuka kwenye lori. Alisema alikuwa kwenye mwendo mkali, akaona mshale wa geji ya oili umeanguka ghafla, akazima palepale, lakini konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, ilishatoboa ubavu wa injini. Bwana akaniambia, "Fungua. Nataka kujua nani ameua gari langu."

Nikafungua, nikaanza kuondoa sababu moja moja. Oili ilikuwemo, kwa hiyo haikuvuja njiani. Maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo haikuchemsha. Beringi za konrodi zilikuwa zimeyeyuka na chuma kimegeuka bluu kwa moto, yaani oili ilikuwepo lakini haikuzifikia. Pampu ilikuwa nzima. Hapo nikajua hata kabla ya kuona. Nikaingiza vidole kwenye chujio la pampu, nikatoa kile kipande cha kaniki, kimejikunja na kuziba njia yote. Nilikisahau ndani ya sampu. Chini ya gari nilikuwa peke yangu, nikakiweka mfukoni.

Nikatoka nikamwambia bwana, "Beringi haziyeyuki hivi kwa sekunde mbili. Dereva aliona geji imeshuka, akaendelea kukanyaga."

Mtani akaniangalia. "Mtani, nilizima palepale, haki ya Mungu."

Nikamjibu kwamba injini haidanganyi. Nasikia aibu kuwaambia jinsi maneno hayo yalivyonitoka kirahisi.

Alifukuzwa siku hiyo, na kwenye barua yake ya kazi wakaandika kwamba ni mzembe. Hakuna aliyempa usukani tena. Akarudi kwao Masagati kulima, wakati ule ni safari ya siku kadhaa kwa miguu. Na mimi, ili watu wasiulize sana, ndiye niliyeanza kumwita Noki. Walicheka kwa kuwa ni utani. Jina likamganda, hata wanawe wakaitwa watoto wa Noki.

Baada ya mwaka mmoja mama yangu alifariki. Kwetu mtani lazima aje msibani, afanye kazi za maziko na kuwachekesha wafiwa. Alikuja kwa miguu kutoka Masagati. Nilipomwona ameshika jembe anachimba kaburi la mama yangu, nilishindwa kuvumilia. Nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Mtani, ile injini niliiua mimi. Nilisahau kitambaa ndani ya sampu."

Msiba mzima uliangua kicheko. Yeye alicheka kuliko wote, mpaka machozi. "Mwoneni mtani wangu, kafiwa na mama yake na bado ananisanifu!" Ningeweza kurudia, niseme kwa uso wa kweli, lakini sikurudia. Nikacheka nao.

Mwezi uliopita wanawe wamemleta Mlabani kwa matibabu. Haoni tena, na wameambiwa wakae naye tu nyumbani. Jumapili nilikwenda kumwona. Akanishika mkono akasema, "Mtani, nimeungama kwa padri. Nimewaza miaka yote hii, nikaona huenda kweli niliiona geji nikaendelea. Fundi kama wewe hawezi kukosea. Nilikuharibia kazi yako, nisamehe."

Nikamwambia, "Nimekusamehe." Ndugu zangu, nilitamka hivyo, na yeye akanishukuru.

Jana nilirudi nimejikaza. Nikamwambia, "Kilikuwa kitambaa changu, Mtani. Kaniki ya mke wangu." Akatabasamu kwa shida. "Acha utani leo, nimechoka."

Kitambaa nilikichoma zamani. Bwana yule alishakufa, gari sijui lilioza wapi, hakuna aliyebaki wa kunishuhudia. Binti yangu ameacha kuandika, ananitazama, halafu ameendelea. Nisaidieni, hasa ninyi mlio na watani. Siku zake ni chache. Nimwambie kwa maneno gani ili safari hii aniamini?