Tulivyotafuta Elki Tukiwa Stanmore

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Stanmore alikuwa ameishi Amerika zaidi ya nusu ya maisha yake, kwenye jimbo lenye milima mikubwa, akitengeneza mashine za kupasulia mbao. Mkewe alipofariki alirudi London, mji alimozaliwa, akanunua nyumba ndogo jirani na mpwa wake. Hakukaa muda mrefu akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalegea, na mkono wa kulia, uliosalimika, ukabaki unatetemeka. Wakala wetu wa kazi za kulea wazee akanipanga mimi kwake. Nilikuwa nimepanga chumba Barking, juu ya duka la simu, na kila asubuhi nilivuka London nzima kwa treni, kutoka mashariki hadi reli inapoishia kaskazini magharibi, kwenda kumwogesha mtu, kumvalisha na kumpikia uji wa shayiri.

Miezi ya mwanzo hatukuwa na la kuzungumza. Alikaa dirishani akitazama mapipa ya taka ya majirani. Nami nilipomaliza kazi za ndani nilikaa kiti cha pili nikatazama mapipa yaleyale. Nilikuwa nimekuja Uingereza kusoma miaka ya tisini, masomo yakaisha, nikabaki. Wenzangu wengine walikuwa wameoa, wengine wamerudi Tabora. Wiki nzima ilipita sijatamka neno la Kiswahili mpaka Jumapili niliponunua kadi ya simu na kumpigia kaka yangu Sikonge, naye daima alikuwa na haraka.

Kisha mpwa akaleta kompyuta, ili mjomba wake aone picha za watoto. Mzee alizitazama mara moja akasema ni watoto wazuri. Mpwa alipoondoka akaniuliza kama naweza kuitumia. Alikuwa amesoma gazetini kwamba sasa kuna programu inayomwonyesha mtu dunia kwa picha za setilaiti, bure, akiwa nyumbani kwake. Niliitafuta nikaiweka. Dunia ilipotokea kwenye kioo, ikiwa mviringo na ya buluu, akanitajia mji mdogo wa Amerika. Nikauandika, dunia ikazunguka yenyewe, tukaanza kushuka. Mzee akaniambia nimsogeze karibu.

Hapo ndipo nilipojua habari za elki. Ni mnyama wa jamii ya kulungu, ila ukubwa wake unakaribia wa pofu, yule mkubwa kuliko swala wote, na dume lake lina pembe zenye matawi. Kila mwezi wa tisa, kwa miaka mingi, mzee na rafiki yake mmoja walipanda milimani kuwinda elki kwa ajili ya nyama ya msimu wa baridi. Rafiki alikuwa bado yuko huko, amefiwa na mke kama yeye, na magoti yalishamchakaa. Zamani walizunguka mlima siku kadhaa wakitafuta alama. Sasa alikuwa na uwezo wa kupanda mara moja tu, kwa hiyo lazima apande mahali penyewe. Mzee akaamua kumtafutia kutoka Stanmore.

Kipanya cha kompyuta nilikishika mimi, kwa sababu ya ule mtetemeko wake. Yeye aliongoza kwa maneno. Alinifundisha kwamba mchana elki hujilaza kwenye miti minene, na miti minene hukua upande wa mlima unaotazama kaskazini, kusikopigwa jua. Jioni hutoka kwenda kwenye majani. Basi tulitafuta rangi ya kijani iliyokolea iliyogusana na uwanda wa rangi iliyopauka. Tulitafuta maji. Na tulizikwepa barabara, maana wawindaji wengi hawapendi kutembea mbali na magari yao, na elki wanalijua hilo. Tukipata mahali pazuri nilifungua ramani ya pili, yenye mistari ya mwinuko, akahesabu mistari kwa midomo na kusema, hapa magoti yake hayatafika.

Tulifanya hivyo majira yote ya baridi na ya kuchipua. Nilianza kufika mapema kabla ya zamu. Uji ulipoa mezani tukiwa bondeni.

Siku moja akaniuliza kama baba yangu aliwinda. Nikamwambia ndiyo, alikuwa na gobole, na mara nyingine alirudi na digidigi au ngiri, na mara nyingi alirudi mikono mitupu akiwa na furaha tu ya kuwa msituni. Mzee akasema, basi twende huko. Nikaandika Sikonge. Dunia ikazunguka, tukashuka, na kadiri tulivyoshuka picha ikazidi kuwa ukungu, mpaka mbele yetu pakawa na doa moja la kijani na kahawia, kama kitu kilichomwagika. Hapakuwa na njia wala mto wala bati la nyumba.

"Bado hawajapapiga picha vizuri," mzee alisema kwa upole.

Nikamjibu kwamba watapapiga, nikaturudisha Amerika. Lakini siku ile niliporudi Barking nilisonga ugali, nao kwa mtu mmoja haukubali, huwa ama mabonge ama kiporo cha siku mbili, nikaula nimesimama karibu na jiko. Sikutegemea picha mbaya ya kompyuta ingenikaa rohoni kiasi kile.

Mahali tulipopata mwishowe palikuwa kama rafu, sehemu tambarare ubavuni mwa mlima, pana viwanja viwili vya majani na kati yake uzi wa kijani kibichi ambao mzee aliapa ni chemchemi. Palizungukwa na miti minene. Mzee alimpigia rafiki yake, akaweka simu kwenye spika, nami nikamsomea yule mtu namba za mahali penyewe, tarakimu moja moja, akazirudia. Aliuliza huyo anayesoma ni nani. Mzee akasema, "Ni mkono wangu." Halafu wakabishana kuhusu upepo, kwa raha kabisa, nikawaacha.

Mwezi wa tisa ulipofika mzee hakula vizuri. Alitaka simu iwe mapajani pake. Rafiki alipiga mchana mmoja nikiwa namkatia mzee kucha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Alisema alifika. Chemchemi ipo. Kando yake pana tope wanamogaagaa madume, na nyayo zimejaa. Alijificha kwenye ukingo wa miti, na jua lilipoelekea kuzama akatoka dume mkubwa, akasimama karibu kabisa.

"Ukapiga?" mzee aliuliza.

"Sikupiga."

Mzee akauliza kama bunduki ilikataa. Rafiki akasema bunduki haikuwa na tatizo. Alimtazama yule mnyama akafikiria nyama yote ile, mapaja, mabega, mbavu, na njia ndefu ya kushuka mpaka garini.

"Ningembeba na nani?" alisema.

Mzee akasema kwamba amefanya vizuri, wakaagana. Nikamaliza kumkata kucha. Hakunitazama, nami sikumtazama. Kwa miezi yote ile tulikuwa tumefikiria maji, miti, upepo na magoti, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria hilo.

Baada ya hapo hakuomba tena nifungue ramani. Nilimwuliza mara moja mbili, akasema macho yanamuuma. Kabla ya msimu mwingine wa joto mpwa alimhamishia kwenye nyumba ya wazee iliyoko pwani, mbali na London, na siku ya mwisho ilikuwa ya haraka, gari lililotumwa kumchukua limewashwa nje. Mzee alinishika kiganja kwa ule mkono wake, akasema nimekuwa na subira. Nilimwambia "Safari njema, mzee" kwa Kiswahili, akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Nilibaki kumsaidia mpwa kufunga vitu. Simu ikalia, nikaipokea. Alikuwa yule rafiki wa Amerika. Nikamweleza mzee amehama, nikampa namba mpya. Alinishukuru, lakini hakukata. Akaniuliza kama mimi ndiye niliyesoma zile namba. Nikasema ndimi.

"Mahali pazuri sana," alisema. "Nilikaa mpaka giza likaingia."

Akaniuliza kule Stanmore kukoje. Nikamwambia mvua inanyesha, mtaa umetulia, nami bado nina masanduku ya kufunga. Alisema kwake pia kumetulia. Kisha tukatakiana siku njema, watu wawili wasiojuana. Nilirudi chumbani kwa mzee, nikatoa mashuka kitandani na kuyakunja.